Kompyuta ya Injini Ililetwa na Moshi

Gari linaloondoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, hadi kufika Nakwa, Babati mjini, linakuwa limepanda zaidi ya mita 1,300. Huku juu hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na injini inayovuta hewa nyepesi inahitaji petroli pungufu. Enzi za kabureta, gari lililosetiwa pwani lilifika huku likitoa moshi mweusi na kula mafuta, mpaka fundi alibadilishie jeti au aguse skrubu ya mchanganyiko. Siku hizi hakuna anayefungua chochote. Kijisanduku cha chuma ambacho mafundi wetu hukiita kontroo boksi, na ambacho kwenye Subaru Impreza za zamani kimelala chini ya zulia, mbele ya miguu ya abiria, hupima hewa inayoingia na kuamua, mara nyingi kwa kila sekunde, petroli imwagwe kiasi gani na plagi iwashe lini. Wengi wanaamini kijisanduku hicho kilibuniwa kwa ajili ya mbio. Historia yake inasema vingine, na anayetaka kukigusa ili gari lake liongeze nguvu anapaswa kuijua.

Kilicholeta kompyuta ndani ya gari ni moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mwanakemia Mholanzi aliyefanya kazi California, alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwawasha macho wakazi wa Los Angeles ulitokana kwa sehemu kubwa na mabaki ya petroli kutoka kwenye magari na viwanda vya kusafishia mafuta, yakichanganyika angani na kupigwa na jua. Ugunduzi huo ulichukua takriban miaka 20 kugeuka amri. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 iliwataka watengenezaji wapunguze gesi kuu tatu za sumu kwa asilimia 90. Walilalamika kwamba haiwezekani, wakaongezewa muda, lakini magari mengi ya 1975 yalitoka kiwandani yakiwa na masega: tofali la kauri lenye vijitundu vingi vyembamba, vilivyopakwa madini ya platinamu na paladiamu, na baadaye rodiamu. Masega yenye uwezo wa kusafisha gesi zote tatu kwa pamoja yana sharti moja gumu. Mchanganyiko lazima ukae karibu sana na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Ukizidisha petroli, kaboni monoksaidi inapita. Ukipunguza, oksidi za nitrojeni zinapita. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho barabarani. Kwa hiyo Bosch wakatengeneza kihisio cha oksijeni cha kuchomeka kwenye bomba la moshi, Volvo wakakitumia kwanza mwaka 1976 kwa magari yaliyokwenda Marekani, na mwaka 1979 BMW wakatoa gari lenye Motronic, kompyuta moja inayosimamia petroli na moto wa plagi kwa pamoja. Nguvu na unafuu wa mafuta vilifuata baadaye, juu ya msingi huo.

Sasa tuje kwenye magari tunayoyajua. Impreza WRX ilitoka Japani mwishoni mwa 1992, na kwa watu wa Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalivuka Kenya, Uganda na Tanganyika. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia ushindi huo mwaka 2000. Kisha magari yale yale ya kawaida, yaliyotumika Japani, yakaanza kushushwa Mombasa na Dar es Salaam. Yalikuja na mipaka iliyoandikwa ndani ya kompyuta. Watengenezaji wa Japani walikubaliana mwaka 1989 kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280, makubaliano yaliyodumu hadi 2004, na mwendo wa magari yao uliishia kilomita 180 kwa saa. Kilicho muhimu zaidi kwetu ni kwamba injini nyingi za turbo za aina hii zilisetiwa kwa petroli ya Kijapani ya daraja la juu, yenye okteni 98 hadi 100. Ya kwetu kwa kawaida haifiki hapo. Okteni ikiwa ndogo, petroli inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na kompyuta inajihami kwa kuchelewesha moto. Hapo fundi anayeandika upya ramani ya moto na ya petroli ana sababu ya kweli ya kufanya hivyo. Analioanisha gari na mafuta ya hapa, jambo ambalo kiwanda hakikulifikiria. Siungi mkono wanaosema programu ya kiwandani ni kitu kitakatifu kisichoguswa.

Ninachokipinga ni kazi ya pili ambayo huambatana na hiyo. Masega yanakatwa, bomba tupu linachomelewa mahali pake, na ndani ya programu kihisio cha nyuma ya masega kinazimwa ili taa ya injini kwenye dashibodi isiwake. Tabia hii ina asili inayoeleweka. Petroli iliyouzwa Afrika kwa miongo mingi ilikuwa na risasi, na risasi huyafunika madini ya masega mpaka yasifanye kazi tena. Gari la Kijapani lililokuja na masega katika miaka ya 1990 lilikuwa limeletwa kwenye mafuta yanayoyaua. Lakini nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuachana na risasi, na kufikia Januari 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Hata salfa imeshughulikiwa: tangu Januari 2015 dizeli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Fundi anayemwambia mteja kwamba mafuta yetu hayaendani na masega anarudia maelezo yaliyopitwa na wakati. Kinachoyakata siku hizi mara nyingi ni bei. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 20,000, na wanunuzi wa masega makuukuu wanalijua hilo kuliko mwenye gari.

Wapo watakaosema bila kukata masega hakuna nguvu. Kwenye injini ya turbo, masega yaliyoziba kweli yanaibana, na gari linaweza hata kumisi. Dawa yake ni masega mapya yenye vijitundu vipana, yanayopitisha moshi kwa urahisi na kuendelea kusafisha. Isitoshe, ramani ya kompyuta ina maeneo mawili yanayofanya kazi kwa namna tofauti. Katika mwendo wa kawaida kihisio cha oksijeni ndicho kinachoongoza, na masega yaliyopata moto husafisha zaidi ya asilimia 90 ya sumu. Dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, kompyuta huacha kusikiliza kihisio na kumwaga petroli nyingi zaidi ili kuipoza injini. Nguvu ya ziada inapatikana katika eneo hili la pili. Fundi anaweza kufanya kazi hapo bila kugusa lile la kwanza, ambako gari linatumia sehemu kubwa ya maisha yake. Ni kweli kwamba katika dakika za mbio gari hilo litachafua. Lilichafua hivyo hivyo hata lilipotoka kiwandani.

Pingamizi zito zaidi ni la malori. Kwa nini tuhangaike na Subaru chache wakati fuso moja lililochoka linafunika mtaa mzima kwa moshi mweusi? Malori yanastahili kuandamwa, tena kwanza. Ila kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na gari la petroli lisilo na masega linaweza kuonekana safi kabisa huku likitoa sumu mara kumi. Volkswagen waliufundisha ulimwengu hilo Septemba 2015, ilipobainika kwamba magari yao ya dizeli yapatayo milioni 11 yalibeba programu iliyotambua kuwa yanapimwa, ikayatuliza kwa muda huo, kisha ikayaachia barabarani. Jicho la askari lisingeweza kugundua udanganyifu huo. Ulifichuliwa na vipimo, watafiti wa West Virginia walipofunga mitambo ya kupimia na kuyaendesha magari hayo barabarani.

California, kulikoanzia haya yote, hawakupiga marufuku kurekebisha magari. Anayeuza kifaa au programu ya kubadilisha injini hupeleka vipimo kwa mamlaka ya hewa, na akifaulu anapewa namba ya kibali inayobandikwa chini ya boneti. Sisi tayari tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007. Ukaguzi ambao wenye magari wengi wanaujua, ule wa stika ya Nenda kwa Usalama, hutazama zaidi breki, matairi na taa. Kuuongezea kipimo cha gesi si jambo la anasa. Ni mashine yenye mrija unaoingizwa kwenye ekzosi injini ikiwa imepata moto, mara moja ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na mara nyingine kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Babati panafaa kuanzia, kwa kuwa tangu lami ya kutoka Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018 magari ya pande zote mbili za Barabara Kuu ya Kaskazini hupita hapa. Fundi anayebadilisha programu apime kabla na baada, ahifadhi faili la kiwandani, na mwenye gari aondoke na karatasi yenye namba zote mbili.