Bosi, paswadi iko na nani?

Tarehe 31 Januari 2013, London. HMV, kampuni ya maduka ya muziki iliyoanza 1921, imelemewa na madeni na inafuta watu kazi. Zaidi ya 60 kwa mpigo. Shida ni moja tu: kati yao yuko anayeshika Twitter ya kampuni.

Si akaanza kutuma, laivu! Tunafutwa, tuko wengi, kampuni tunayoipenda inaharibiwa. Halafu ile iliyonimaliza: mkuu wa masoko (yeye habanduki, jamani) anauliza Twitter inazimwaje.

Jumbe zilifutwa, lakini maskrinshoti yalikuwa yashatembea.

Watu hucheka wakaishia hapo. Mimi nilikwama kwa ujumbe mwingine: akaunti zile zilifunguliwa miaka miwili nyuma na mtu wa intanshipu, bila malipo. Yaani sauti ya kampuni nzima mmemwachia mtu ambaye hata nauli hamumpi, halafu siku ya kumfukuza ndiyo mnakumbuka kuuliza paswadi? Barua pepe ya kampuni ilikuwa ngumu wapi? Wasimamizi wawili?

Ukurasa wa duka moja hapa Nairobi niliufungua kwa barua pepe yangu. Niliacha kazi, hakuna aliyeuliza kitu. Jana nimejaribu, bado unafunguka.