Nakala Iko kwa Nani?

Mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Karl Weule alifika Masasi akitokea Lindi, na katika mizigo ya wapagazi wake mlikuwa na vitu viwili vigeni kwa pande hizi: kamera ya sinema na fonografu. Weule alikuwa mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi na Iraqw, lakini habari za machafuko ya huko zikamgeuza njia akaelekezwa kusini, wakati ambapo majeraha ya Vita vya Maji Maji yalikuwa bado mabichi. Alipita Masasi na Chingulungulu, akapanda Newala, akakaa huko wiki kadhaa. Ngoma alizirekodi kwa kamera, nyimbo akaziweka kwenye silinda za nta. Kuna nyakati aliwapigia waimbaji sauti zao papo hapo, wakajisikia wenyewe kwenye tarumbeta la mashine. Kisha akafunga mizigo. Filamu na silinda zikaenda Ujerumani.

Ninaanzia huko mbali kwa sababu ya jambo la leo kabisa: kijana wa Chiungutwa, kata ya wilaya ya Masasi, anayetaka kuitoa filamu mtandaoni na kuiweka kwenye simu yake, ikiwa safi, aitazame baadaye bila intaneti. Anaweza kudhani tatizo lake ni la kiufundi na limezaliwa na simu janja. Mimi nadhani lina zaidi ya miaka mia moja. Kila zama picha zilipofika kusini, au zilipotoka kusini, kulikuwa na swali moja chini yake: nakala inabaki mkononi mwa nani?

Miaka ya 1935 hadi 1937 picha zilianza kuja kwa lori. Mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya Marekani, uliweka makao Vugiri katika milima ya Usambara. Chini ya Meja L. A. Notcutt ulitengeneza filamu 35 hivi za mafunzo: kilimo, afya, kuweka akiba. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilikuwa kwenye santuri za pembeni, ili eneo likibadilika santuri ibadilishwe na watu wasikie lugha yao. Lori lilizunguka Tanganyika na nchi jirani na jenereta yake. Usiku mmoja watu walitazama, na asubuhi lori likaondoka na kila kitu. Hakuna kijiji kilichobakiwa na filamu. Mtazamaji wa wakati huo hakuweza hata kuomba irudiwe wiki ijayo.

Utaratibu huo wa gari la sinema haukufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana mmoja mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Kawawa, aliigiza kama mhusika mkuu katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, miaka michache kabla ya siasa kumchukua na kumfikisha kwenye uwaziri mkuu mwaka 1962. Fikiria hilo: waziri mkuu aliyewahi kuwa nyota wa filamu. Sasa jaribu kutafuta mtaani kwenu mtu mwenye nakala ya filamu hiyo.

Kilichobadilisha mambo ni kanda. Mashine za VHS zilitoka Japani mwaka 1976, na zilipoanza kuingia nchini zilikuta pengo kubwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa watu wengi wa Bara mkanda ulitangulia matangazo. Tulijifunza kutazama kitu kilichohifadhiwa kabla hatujajifunza kutazama kitu kinachorushwa. Mtu alikuwa na deki, televisheni, jenereta na turubai, akafungua banda la video. Kusini biashara kama hiyo inafuata kalenda ya korosho: minada ikianza Oktoba fedha zinatembea, na kiingilio kinapatikana. Salfa inapopigwa kwenye mikorosho katikati ya mwaka, mifuko imekauka.

Kanda ilikuwa na ugonjwa wake. Kila ukinakili nakala, picha inapungua: rangi zinavuja, chenga zinaongezeka, sauti inakwama. Filamu iliyotoka Hong Kong au Mumbai ikapita Dar es Salaam ilimfikia mtazamaji wa kijijini ikiwa kivuli cha kivuli. Hapo ndipo walipoingia watafsiri. Dar es Salaam alivuma Lufufu, ambaye sauti yake ilieleza filamu za nje kwa Kiswahili, kwanza mbele ya watazamaji, baadaye juu ya kanda na diski zilizouzwa. Kenya wakawa na DJ Afro, Uganda wakawa na VJ Jingo kwa Kiganda. Watu hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Walieleza, wakatania, wakawapa wahusika majina ya mtaani. Ukitazama vizuri, walifanya kazi ileile ya santuri za Vugiri, yaani kuitenga sauti na picha, ila sasa maneno yalichaguliwa na msimulizi mwenyewe na nakala iliuzwa kwa yeyote mwenye hela. Picha ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa yako.

Diski za VCD na DVD zikaondoa ugonjwa wa kanda. Nakala ya kidijitali hailingani tu na mama yake, ni mama yake. Ya mia moja ni safi kama ya kwanza. Hilo lilikuwa neema kwa mtazamaji na msiba kwa mtengenezaji. Tasnia ya filamu za Kiswahili, ile tuliyoiita Bongo Movie, ilikua kwa kasi baada ya filamu kama Girlfriend ya mwaka 2003, na Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 Dar es Salaam ilisimama kama imefiwa na kiongozi. Lakini diski zilizoifikisha sura yake vijijini ndizo hizohizo zilizonakiliwa usiku kucha bila yeye kupata senti. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo, COSOTA ilikuwepo, na mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za kubandika kwenye kasha. Aprili 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye banda huko kusini hakuwa na namna rahisi ya kumlipa mtunzi hata kama angetaka. Soko halali lilikuwa linaishia mbali naye.

Halafu diski nayo ikaondoka. Ikaja memori kadi na flashi. Ukienda mjini Masasi siku ya kuuza au kununua, unapita kwenye duka lenye kompyuta, unataja unachotaka, kijana anakuingizia: filamu zilizotafsiriwa, tamthilia za Korea, singeli, mawaidha. Nyumbani kadi hiyo inazunguka kwa ndugu na majirani, na walio na simu wanarushiana moja kwa moja bila kutumia bando. Wanahistoria wa vyombo vya habari wanapenda kuhesabu vituo vya redio na televisheni. Kwa maoni yangu, mtu akitaka kujua kusini kulitazamwa nini katika miaka ya 2010, angeanzia kwenye maduka haya.

Nyaya za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na SEACOM, kisha EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukasambaza intaneti mikoani. Netflix ikafunguliwa kwetu Januari 2016 pamoja na nchi nyingine nyingi. Video za mtandaoni haziji kama faili moja. Zinakatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa viwango tofauti vya ubora. Mtandao ukilegea, programu inakupa kipande chepesi, na ndiyo maana uso wa mwigizaji unageuka ukungu katikati ya sentensi. Kwa hiyo mwenye mtandao dhaifu hatapata picha safi kwa kutazama moja kwa moja, hata akilipia. Njia yake ya kuipata ni kuishusha taratibu, usiku bando likiwa nafuu, aitazame kesho.

Hesabu yake inajulikana. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya ubora wa juu inaweza kula hadi gigabaiti 3, na ya kawaida hadi 1. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 6, na kadi ya 32 haifiki filamu sita kama hizo. Njia mpya za kubana picha zinasaidia: ile ya H.265 ya mwaka 2013 inatoa picha ileile kwa karibu nusu ya uzito wa H.264 ya mwaka 2003.

Watu wa uwanda wa Makonde wana elimu ya zamani juu ya jambo hili, isipokuwa kwao lilihusu maji. Juu ya uwanda mvua inanyesha na ardhi inaimeza, hivyo kwa vizazi vingi watu wa Newala waliteremka bondeni kuchota, hadi ulipojengwa mradi wa kusukuma maji katika miaka ya 1950. Anayeishi hivyo haulizi kama maji yapo duniani. Anauliza yaliyomo ndani ya chombo chake yanatosha siku ngapi.

Tarehe 30 Novemba 2016 Netflix ilianza kuruhusu wateja kupakua. YouTube nao walikuwa na programu ya YouTube Go, iliyoruhusu hata kumrushia mwenzio video bila intaneti, wakaifunga mwaka 2022. Ukipakua kwenye Netflix faili linakaa kwenye simu yako, lakini limefungwa kwa siri, na ufunguo unatoka kwao na una muda wake. Baadhi ya filamu zinaisha saa 48 baada ya kuanza kuzitazama. Ukiacha kulipia, zote zinakwenda. Kampuni ikipoteza haki ya filamu, nawe umepoteza. Nikilinganisha na historia niliyoieleza, naona lori limerudi. Linalala kwako siku chache zaidi, ila asubuhi bado linaondoka.

Mtu anaweza kujibu kwamba mtandao upo, utapakua tena. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa pamoja, na nchi ikawa inapapasa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Siku hizo kila mtu, wa Masaki na wa Masasi, alikuwa na kilichomo ndani ya simu yake tu.

Sitetei wizi. Anayetengeneza filamu anastahili chakula chake, na naamini tasnia yetu iliumizwa na nakala za bure kuliko ilivyowahi kuumizwa na wakaguzi. Ninachotetea ni haki ya kununua kitu kikawa chako kweli: ulipe mara moja, upewe faili lisilo na saa ndani yake. Kijana wa Masasi aliye na duka la kuingiza filamu angeweza kuwa wakala halali wa watunzi. Mashine anayo, wateja anao, bei wanayoimudu anaijua. Kinachokosekana ni mkataba.

Na kuna picha ambazo hakuna kampuni itakayokuuzia. Unyago wa mpwa wako, babu akisimulia kwa Kimakonde au Kiyao, mnada wa korosho wa mwaka ambao bei ilipanda. Hizo ziko kwenye memori kadi moja, na memori kadi hufa bila kuaga. Zinahitaji nakala ya pili kwenye kifaa kingine, nyumba nyingine. Weule alielewa thamani ya nakala, ndiyo maana mtafiti wa Leipzig wa leo anaweza kuanza kazi akiwa na ngoma za mababu zetu karibu yake. Wajukuu wa waliocheza wataanzia kwenye barua ya maombi.