Siku Saba Kisiwani

Fungate maana yake ni saba. Wagiriama wakihesabu, baada ya handahu, yaani sita, husema fungahe. Na kwa kuwa tatu yetu kwao ni hahu, mtu hahitaji shahada ya isimu kuona kwamba fungahe yao na fungate yetu ni neno moja. Waswahili tuliazima "saba" kutoka Kiarabu, tukaitumia sokoni, shuleni na kwenye kalenda. Lile neno la kale tukaliachia kazi moja tu: siku saba ambazo bwana harusi na bibi harusi hukaa ndani baada ya ndoa.

Hukaa ndani. Hawaendi mahali. Siku hizi ukisema unaenda fungate, swali linalofuata ni "Wapi?" Zamani swali hilo lingekuwa la ajabu. Fungate ilikuwa nyumbani kwa kina bibi harusi, bas. Bwana ndiye aliyetoka kwao akaingia kwa watu, akakaa siku saba akilishwa na mama mkwe.

Nalifikiria neno hili kwa sababu mimi na mchumba wangu tunapanga fungate yetu, na yeye anataka Santorini. Umeziona picha: nyumba nyeupe ukingoni mwa genge, makuba ya buluu, kibwawa cha kuogelea cha watu wawili tu, na bahari chini. Hoteli ya butiki, kama wanavyoiita: jumba la zamani, vyumba sita au saba, hakuna lifti, hakuna watoto, mashuka meupe. Tumepiga hesabu. Visa ya Schengen peke yake ni yuro 90 kwa kila mtu mzima, na ukinyimwa pesa hazirudi. Bado ndege, bado chumba. Nikamwambia, mbona kisiwa kipo, na treni ya kawaida kutoka Nairobi ni shilingi 1,500?

"Mombasa?" akacheka. Yeye ni mtu wa bara. "Fungate gani ya kwenda kwa kina mama yako?"

Ndiyo hiyo hiyo, nikamwambia. Lakini nina sababu nyingine ya kutaka kulala Mji wa Kale, au Old Town kama tunavyouita wote, na sababu hiyo ina mgogoro ndani yake. Kwanza niseme kuhusu zile nyumba nyeupe.

Tarehe 9 Julai 1956, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Santorini. Zaidi ya watu 50 walikufa, na nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka. Kisiwa kilikuwa maskini tayari. Watu wakaondoka, wengi wakaelekea Athens, na mji wa Oia, ule wa kwenye picha, ukabaki karibu mtupu. Nyumba nyingi zilizobaki zilikuwa za pangoni, zilizochimbwa kwenye udongo laini wa volkano. Zilikuwa nyumba za watu wa chini, kwa sababu kuchimba kulikuwa rahisi kuliko kununua mbao katika kisiwa kisicho na miti. Katika miaka ya 1970, shirika la utalii la serikali ya Ugiriki likaanza kukarabati baadhi ya nyumba zilizoachwa na kuzigeuza za wageni. Hapo ndipo safari ya kuelekea kwenye kile kibwawa cha watu wawili ilipoanza.

Sisemi ni vibaya. Pesa ziliurudisha mji ambao ungekuwa magofu. Ila ni vizuri kujua kwamba kile chumba cha mahaba kilikuwa nyumba ya familia, na kwamba kilipatikana kwa sababu familia iliondoka.

Sasa turudi kwetu. Mgeni mashuhuri wa kwanza kuandika kuhusu kulala Mombasa ni Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331. Alilala usiku mmoja tu akielekea Kilwa. Aliandika kuhusu ndizi, ndimu na zambarau, misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima ambapo watu waliosha miguu kabla ya kuingia kuswali. Kuhusu hoteli hakuandika neno, kwa sababu haikuwapo. Lakini alipokuwa Mogadishu, siku chache kabla, alieleza jinsi mambo yalivyokwenda. Meli ikiingia, vijana waliifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana akimpa mfanyabiashara sahani husema: huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule alilala kwa mwenyeji wake tu, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa.

Kwa hiyo katika pwani hii mgeni alikuwa mgeni wa mtu. Ilibidi iwe hivyo, maana upepo ndio uliopanga safari. Majahazi yalikuja na kaskazi kuanzia Disemba, na kurudi Arabuni yalisubiri kusi. Huwezi kumkaribisha mtu miezi mitatu kama humjui. Nyumba za mawe zikajengwa zikilijua hilo. Nje kulikuwa na baraza, kwa yeyote anayepita. Mlangoni kulikuwa na daka, kwa anayebisha hodi. Mgeni wa kiume alikuwa na chumba chake, ambacho Lamu huitwa sabule, na ndilo neno hili hili tunaloliita sebule na kuliwekea runinga. Kuta zilikuwa za matumbawe na chokaa, na vyumba virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazibebi dari pana kuliko mita 3 hivi.

Na nyuma kabisa, kupita ukumbi na ukumbi, kulikuwa na ndani. Katika nyumba kubwa za Lamu za karne ya 18, ukuta wa ndani ulijaa zidaka, vile vishubaka vya lipu iliyochongwa, vikiwa na sahani za kaure. Chumba hicho kilikuwa cha bibi harusi. Watu wa Lamu wenye uwezo walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa. Ndiyo maana huko utaona wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia na kuunganisha nyumba mbili: ndugu wa kike walitembeleana bila kushuka barabarani. Mombasa nayo, wanawake walinunua, wakauza na kurithi nyumba kwa majina yao, na hati za ardhi za zama za ukoloni zinaonyesha hivyo.

Hapa ndipo picha yangu ya mahaba inapoanza kuwa na doa, na sitaki kulifunika kwa maua ya asmini. Chumba kile kile kilichokuwa mali ya mwanamke kilikuwa pia mahali pa kumfungia. Na aliyeteka maji ya kuoga maharusi, aliyepika, aliyefagia, katika nyumba za wenye uwezo, mara nyingi alikuwa mtumwa. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, si zamani sana. Isitoshe, makungwi waliomfunza binti mambo ya chumbani walikuwa mara nyingi wanawake wa asili ya utumwa. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, yakatoka kitabu mwaka 1989. Mmoja wao ni mwanamke wa ukoo wa waungwana, mwingine ni mzao wa watumwa. Ukiwasoma pamoja unaelewa kwamba harusi moja ilikuwa na milango miwili, na kila mmoja aliingilia wake.

Hoteli zilikuja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na ghafla kisiwa kikajaa watu wasio na mwenyeji: wahandisi, makarani, walowezi, wawindaji. Mwaka 1897 Wazungu walijifungulia Mombasa Club kando ya Fort Jesus, na mwenyeji wa kisiwa hakuwa na kiti humo isipokuwa akiwa amebeba sinia. Ndani ya Mji wa Kale kwenyewe kulikuwa na Africa Hotel mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa jambo jipya kabisa: kulala kwa mtu usiyemjua, ukalipa, ukaondoka bila kuachiana salamu. Nadhani lugha yetu haikulimeza vizuri. Mpaka leo Mkenya akisema "hoteli" anamaanisha mahali pa chai na chapati. Pa kulala panaitwa lojingi au gesti, na maneno hayo mawili, wallahi, huwezi kuyatamka mbele ya mama bila kuulizwa ulikuwa na nani.

Halafu ufuo ukashinda. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, Nyali Beach Hotel ikafuata mwaka 1946, na daraja jipya likaja mwaka 1980. Mtalii akalala bara, kwenye mchanga. Kisiwani alikuja nusu siku: Fort Jesus, iliyoacha kuwa jela mwaka 1958 na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1960, kisha vinyago, kisha basi. Mji wa Kale ulibaki na watu wake. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilipokuwa zikigeuka, jumba baada ya jumba, kuwa hoteli za butiki, sisi Kibokoni tulikuwa bado tunaanika nguo kwenye roshani.

Bahati hiyo ina bei yake. Mji ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na hifadhi maana yake ni kwamba huwezi kubomoa wala kubadilisha utakavyo. Chokaa na mafundi wake ni ghali. Mirathi inagawanya nyumba: mmiliki mmoja leo, warithi kumi na moja kesho, na hakuna anayetaka kulipia paa la wote.

Hapo ndipo mgogoro wetu ulipo. Nyumba ya nyanya yangu iko Kibokoni, ghorofa mbili, roshani ya mbao inayoelekea njia nyembamba. Aliirithi kwa mama yake. Amefariki, na warithi ni wengi. Ami zangu wawili wanataka kuuza. Kuna mtu wa kuigeuza hoteli ya butiki, na bei anayotaja si mchezo. Mama na dada yake hawataki. Wao wanasema tutengeneze ghorofa ya juu, vyumba vitatu, tukodishe kwa usiku, na khalati abaki chini alikozaliwa. Ami wanasema hiyo ni ndoto ya wanawake. Kila kikao kinaisha kwa kahawa kupoa.

Nimesoma historia hii yote nikitafuta hoja ya kuwapa, na niliyoipata ni hii. Kulaza mgeni si jambo geni katika nyumba ile. Nyumba za aina yake zilijengwa na chumba cha mgeni ndani ya ramani. Kilicho kigeni ni kumwondoa mwenyeji. Wakiuza, mgeni atalala vizuri sana, atapiga picha ya roshani, na nyumba iliyoshuka kutoka mama hadi binti itakuwa ya kampuni. Oia ilipoteza watu wake kwa tetemeko. Sisi hatuna tetemeko, tuna saini kumi na moja tu, na tukiziweka tutakuwa tumetaka wenyewe.

Sidai kwamba vyumba vitatu vitalipia paa. Huenda visilipie. Lakini hesabu ambayo ami wanaipiga ina bei ya kuuza tu, haina safu ya mapato ya miaka kumi, wala safu ya wapi khalati atalala. Naomba safu hizo ziongezwe kabla ya kalamu kushikwa.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Tutashuka baada ya masika. Chumba kimoja cha juu kimeshapakwa chokaa. Kitanda cha nyanya kimerekebishwa besera. Tutakuwa wageni wa kwanza, usiku saba, na tutalipa bei kamili, kwa risiti, ili kikao kijacho kiwe na karatasi mezani badala ya maneno. Asubuhi mbaazi na mahamri, jioni tutembee Ndia Kuu hadi Fort Jesus, tukae ukutani na viazi karai tuangalie meli zikiingia. Hakuna kibwawa. Maji ya moto ni ya sufuria, na safari hii atakayeyachemsha ni bwana harusi.

Amekubali, kwa sharti moja: mama asije kugonga mlango kila asubuhi akiuliza kama tumekula. Nimemwambia sharti hilo akamwambie mama mwenyewe.