Jina la Kijana na Namba ya Lupango: Kuandika Historia ya Magenge ya Kikula

Anayetaka kujua vijana wa genge fulani la Manchester mwaka 1890 walitoka nyumba gani ana njia iliyokwisha kuzoeleka. Hulichukua jina la mshtakiwa gazetini au katika daftari la gereza, akalitafuta katika sensa ya 1881 au ya 1891. Humo huikuta kaya nzima: baba na kazi yake, mama, ndugu, hata mpangaji wa chumba cha nyuma. Kijana ambaye mahakama ilimwona kwa dakika chache tu huku ameshika mkanda wenye kishikizo cha shaba, hapo hugeuka mtoto wa watu. Kwa njia za namna hii magenge ya enzi ya Malkia Victoria yamepata historia yenye familia ndani yake. Kikula, kata ya mji wa Likasi katika Katanga ya Kongo, haijaipata, na nadhani sababu si uchache wa karatasi. Tumezisoma karatasi za mtu mwingine.

Mtu huyo ni Kampuni. Historia ya jamii ya Katanga imeandikwa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye majalada ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na mrithi wake, Gécamines. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Kampuni iliamua kumtuliza mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto: ikatoa nyumba, posho, shule na zahanati, na ikaandika kila kitu. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitumia utajiri huo kuandika kitabu chake cha 2001 juu ya watoto wa Shaba na mamlaka ya baba, na bado hakijapata mpinzani. Benjamin Rubbers akafuata na utafiti wake juu ya wafanyakazi wa zamani wa Gécamines. Kutokana na kazi hizi imeenea hoja ambayo sasa hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huikariri: shaba iliporomoka kutoka tani zipatazo 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 30,000 mwaka 1994, mishahara ikakatika, mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, baba akapoteza heshima, na mtoto akaenda barabarani.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli wa kambini. Kikula ilikua nje ya kambi. Wakati kata jirani za Panda na Shituru zilipangwa kuzunguka viwanda, Kikula ilikuwa mji wa wasio wa Kampuni: mafundi cherehani, wachuuzi, vibarua, watumishi wa nyumba za Wazungu wa Jadotville (ndivyo Likasi ilivyoitwa zamani), na wastaafu waliokwisha kuondolewa kambini. Baba wa huko hakuwa na posho ya kupoteza. Mama alikuwa sokoni kabla ya 1990 na baada yake. Tukimweleza kijana wa Kikula kwa kuanguka kwa baba yake, tunampa baba wa jirani.

Kuna ugumu wa pili. Magenge hayakungoja uchumi uanguke. Andrew Davies, katika kitabu chake cha 2008 juu ya vijana wa Manchester na Salford walioitwa scuttlers, anaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na kazi: viwanda vya pamba, karakana za chuma, machimbo ya makaa. Walipigana jioni, baada ya zamu, kulinda mtaa wao. Karibu na kwetu, akina Bill wa Léopoldville (Kinshasa ya leo), vijana walioiga macowboy wa sinema, ambao Didier Gondola amewaandikia kitabu cha 2016, walichipuka miaka ya 1950 mji ukiwa unapanuka na majumba ya sinema yakijaa. Kwa hiyo umaskini ulio nyuma ya genge si lazima uwe ukosefu wa kazi. Unaweza kuwa wa nyumba ambamo mtoto anachangia unga na kwa hiyo anadai neno. Katika Likasi ya leo, ambako mvulana anayechimba kobalti kwa mkono au kubeba magunia anaweza kurudi na fedha nyingi kuliko mjomba wake mwalimu, swali la nani anamlisha nani linaeleza mengi kuliko swali la nani amefukuzwa kazi.

Mwaka 1992 hauruhusu kulikwepa swali hilo. Tarehe 15 Agosti Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Ghasia zikafuata Likasi. Vijana wa JUFERI, tawi la vijana la UFERI, chama cha Nguza, waliwashambulia watu wenye asili ya Kasai, wakati gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, akiendelea na hotuba ambazo ripoti ya Africa Watch ya Juni 1993 iliziita uchochezi wa chuki. Makumi ya maelfu walikimbilia kituo cha reli na shule wakisubiri treni. Wataalamu wa uhalifu huwaacha JUFERI kwa wataalamu wa siasa, nao wa siasa hawaulizi vijana hao walilala kwa nani usiku. Ni mgawanyo wa kazi unaowafaa watafiti tu. Nyumba za waliofukuzwa ziliingiwa na watu, na nafasi zao za kazi zikapata warithi. Familia ya nyuma ya genge, basi, si mhanga tu wa dhiki. Mara nyingine ni mpokeaji. Tumeizoea mno picha ya mama anayelia mlango wa gereza, tukasahau kuuliza ni nani aliyehamia nyumba ya pili mwezi uliofuata.

Je, familia hiyo itapatikanaje? Njia ya Manchester haitasaidia. Inategemea jina la ukoo, na kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti. Juu ya hilo, siasa ya uhalisi ya Mobutu iliyafuta majina ya Kikristo mwaka 1972. Sensa ya kisayansi ya nchi nzima ni moja tu, ya 1984. Hata mji ulibadilika jina mwaka 1966, na jimbo mwaka 1971, tena 1997, kisha likagawanywa mwaka 2015. Kilichobaki mahali pake ni lupango, yaani kiwanja cha nyumba chenye ua wake. Napendekeza tuunganishe karatasi kwa namba ya lupango na jina la barabara: hati ya kiwanja, kitabu cha ubatizo cha parokia, na majalada ya watoto yaliyofunguliwa chini ya dekreti ya 6 Desemba 1950, iliyomtaka hakimu amtazame mtoto kama mtu wa kulelewa zaidi kuliko wa kufungwa, hadi ilipofutwa na sheria ya Januari 2009. Jalada la namna hiyo lina sababu ya kuitaja nyumba, jambo ambalo taarifa ya polisi kuhusu kuluna, yaani vijana wa magenge ya mitaani, haina haja nalo.

Lupango lina uzuri mwingine: linaonyesha shangazi, bibi na wapangaji wa vyumba vya uani, yaani watu waliomlea mtoto hasa, ambao fomu ya Kampuni yenye nafasi ya baba, mke mmoja na watoto haikuwa na mahali pa kuwaweka.

Lakini namba hiyo hiyo ni hatari. Uingereza huifunga sensa yake kwa miaka 100, hivyo scuttler anayetajwa leo ni marehemu. Aliyevunja mlango Likasi mwaka 1992 akiwa na miaka 18 bado hajafika umri wa babu mzee, na pengine anaishi nyuma ya mlango uleule. Namba za malupango zibaki katika daftari la mtafiti. Kinachochapishwa kiwe mtaa na muongo. Msomaji hataweza basi kukagua uhusiano wa karatasi moja na nyingine, udhaifu ambao mwanahistoria wa Manchester haombwi kuuvumilia.