Chavua ya Mpapai na Rangi ya Tingatinga

Katika nyua za Temeke na Kinondoni twaona mipapai dume ikikatwa kwa kuwa haizai. Kumbe chavua yake, ichukuliwayo na wadudu, ndiyo iuwezeshayo mpapai jike kuzaa. Ukiikosa, aghalabu maua yake hupukutika.

Ndivyo ilivyo katika sanaa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mnamo mwaka 1968 huko Oysterbay, Kinondoni, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Aliwafundisha jamaa zake na vijana wengine. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Lau angeuficha ujuzi wake, ungezikwa pamoja naye. Lakini wanafunzi wake waliwafundisha wengine, kila mkono ukaongeza lake, na hata leo michoro hiyo huitwa Tingatinga.

Basi sisi walimu na wanafunzi tusiupime ujuzi kwa tunda tulilochuma wenyewe tu. Mara nyingi tunda la fikra zetu huiva katika ua wa jirani, nalo ni letu sote.