Habari za Maumivu ya Mgongo

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kumwona mtu mzima akiinuka kitini, mkono mmoja kiunoni, uso umekunjamana, akilalamika kwamba mgongo umemkamata. Huenda alikuwa baba yako, huenda alikuwa mwalimu wako. Maradhi haya ni ya kale, tena hayachagui tajiri wala maskini. Mwaka 2018 jarida la kitabibu liitwalo The Lancet lilieleza kwamba watu wapatao milioni 540 duniani wanaumwa sehemu ya chini ya mgongo kwa wakati mmoja. Nataka kukusimulia jinsi watu walivyopata kujua namna ya kuyatibu maumivu hayo, na jinsi maarifa hayo, yakiisha kupatikana, yalivyokawia njiani.

Nianzie nyumbani kwetu. Mwaka 1998 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Mama alikuwa akirudi na mzigo wa kuni mgongoni, ameushika kwa ukanda uliopita kichwani, kama ilivyo desturi ya wanawake wa milimani kwetu. Alipoinama kuushusha, hakuweza kuinuka tena. Alipelekwa kwa tabibu, naye akamwamuru alale chali juu ya mbao majuma matatu, asiondoke kitandani ila kwa haja. Baba akaondoa godoro, akapanga mbao. Majuma yalipotimia mama aliinuka, lakini miguu yake ilikuwa imenyong'onyea, akatembea kwa fimbo mwezi mzima. Maharagwe ya msimu ule yalimezwa na magugu, kwani sisi watoto hatukuweza kupalilia shamba lote.

Simlaumu tabibu yule. Alisema yale aliyofundishwa, na mafundisho hayo yalikuwa na asili yake.

Katika karne ya 19 aliishi Liverpool, Uingereza, daktari mmoja aliyeitwa Hugh Owen Thomas, mzaliwa wa ukoo wa waunga mifupa. Daktari huyu aliamini kwamba kiungo kilichoharibika hupona kwa kupumzishwa, tena kwa mapumziko marefu yasiyokatizwa. Kwa mfupa uliovunjika, au kwa goti lililoingiwa na kifua kikuu, shauri lake lilikuwa jema, na gango alilobuni la kunyosha mguu liliokoa maisha ya askari wengi katika Vita Vikuu vya Kwanza, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa tangu 1891. Lakini waliomfuata walilichukua shauri la mfupa uliovunjika wakalivika mgongo usiovunjika. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza jinsi kisahani laini kilichomo baina ya pingili za uti wa mgongo kinavyoweza kutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu. Jambo hilo ni kweli, lakini liliwafanya watu wengi wauone kila mgongo unaouma kuwa chombo kilichopasuka, ambacho hakifai kuguswa.

Wakati huohuo kazi ya kutibu kwa mikono na mazoezi ilikuwa ikikua. Huko Stockholm, Pehr Henrik Ling alikuwa amefungua chuo cha mazoezi ya viungo mwaka 1813. Mwaka 1894 wauguzi wanne wanawake waliunda chama chao London ili kulinda heshima ya kazi ya kukanda wagonjwa. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha matabibu wa fiziotherapia wa Uingereza. Walikuwa watu wa bidii. Hata hivyo, kwa muda mrefu walitibu kama waganga wengine wote walivyotibu: kwa mazoea na kwa neno la mkubwa wa kazi.

Hapa nakuomba utulie kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe katika majuma machache. Basi mtu akilala majuma matatu akapata nafuu, atakisifu kitanda. Mwingine akinywa mchuzi wa mizizi kwa majuma hayohayo, atausifu mchuzi. Wote wawili wasema kweli juu ya nafuu yao, na wote wawili huenda wamekosea juu ya sababu yake. Utajuaje, basi? Huna budi kuchukua wagonjwa wengi, uwagawe kwa kura, kama mtu anayerusha shilingi, hawa watibiwe hivi na hawa vile, kisha uhesabu. Njia hiyo ilipata sifa kubwa Uingereza mwaka 1948, ilipotumiwa kupima dawa ya kifua kikuu iitwayo streptomisini. Mgongo ulingoja miaka mingi baada ya hapo.

Hesabu iliyotikisa kitanda ilitolewa mwaka 1986. Richard Deyo na wenzake walichukua wagonjwa 203 wa San Antonio, katika jimbo la Texas, Marekani, wakawagawa kwa kura. Baadhi waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Walioambiwa walale siku 2 walikosa kazi siku chache kuliko wenzao, pungufu kwa asilimia 45, wala hawakudhurika kwa lolote. Kisha mwaka 1995 Antti Malmivaara na wenzake waliwapima wafanyakazi 186 wa mji wa Helsinki, Finland. Kundi moja lililala siku 2, kundi la pili lilifanya mazoezi ya mgongo, na la tatu liliambiwa liendelee na shughuli zake za kila siku kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni wale wa tatu, na waliochelewa kuliko wote ni waliolala. Nadhani walimu wa mazoezi hawakufurahi kuona wamepitwa na watu waliokwenda zao kazini! Lakini hesabu haina upendeleo. Kwa mgongo ulioanza kuuma juzi, kutembea kulitosha. Kwa maumivu yaliyokaa miezi mingi, uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mazoezi husaidia.

(Usinielewe vibaya. Mtu aliyeumwa mgongo kisha akafa ganzi sehemu za siri, au akashindwa kuzuia mkojo, au akapata homa, au aliyeanguka kutoka juu, huyo apelekwe hospitali mara moja.)

Sasa tazama miaka hiyo tena. Hesabu ya Texas ilichapishwa 1986, na ya Helsinki 1995. Mama yangu alilazwa juu ya mbao 1998. Maarifa yalikuwako, lakini yalikuwa yamefungwa ndani ya majarida yaliyokaa katika maktaba za mbali, na tabibu wa kijijini angeyapataje? Daktari Archie Cochrane wa Uingereza alikuwa amelalamika tangu miaka ya 1970 kwamba matabibu hawana mahali pa kuona majaribio yote yaliyofanywa, yamepangwa na kupimwa.

Kwa upande wa fiziotherapia, lalamiko hilo lilijibiwa Sydney, Australia. Mwezi wa Oktoba 1999 Anne Moseley, Catherine Sherrington, Rob Herbert na wenzao walifungua katika intaneti orodha iitwayo PEDro, ambayo mtu yeyote huweza kuisoma bila malipo. Mtafutaji hutaja kiungo kinachouma, taabu yenyewe na tiba anayoifikiria, naye huonyeshwa majaribio yaliyochapishwa. Kila jaribio limepewa alama, 10 zikiwa ndizo za juu kabisa: je, wagonjwa waligawanywa kwa kura? Je, aliyewapima hakujua nani alitibiwa vipi? Je, walioanza walibaki hadi mwisho, au wengi walitoweka? Leo orodha hiyo ina maandishi zaidi ya 60,000, na tabibu wa wilaya mwenye simu ya mkononi aweza kuyatazama mgonjwa akiwa bado mbele yake. Ni kweli kwamba mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na si kila jarida husomwa bure hadi ukurasa wa mwisho. Mara nyingi tabibu hupata muhtasari tu.

Mama sasa ni mzee, na angali analima. Likizo iliyopita nilimsomea habari za wale wafanyakazi wa Helsinki, nikimfasiria sentensi moja moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama miongoni mwao walikuwamo wabeba kuni. Nikamwambia, "La, mama, walikuwa wafanyakazi wa mji."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata hivyo, mwanangu, ningaliambiwa hivyo mwaka ule, yale maharagwe tungaliyavuna."