Wachote Juu, Wafue Chini: Zaidi ya Karne Tatu za Maji ya Kuoshea Cape Town

Mwaka 1655, miaka mitatu tu baada ya Jan van Riebeeck kushuka na watu wake Rasi ya Tumaini Jema, Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilitoa amri juu ya jambo la kila siku: kufua. Mtu yeyote asithubutu kuoga wala kufua vitu vyake upande wa juu wa kijito, kule yalikotekwa maji ya kunywa ya merikebu. Anayetaka kufua ashuke chini. Makazi yenyewe yalikuwa bado ngome ya udongo na bustani changa ya mboga, lakini tayari yalikuwa na sheria ya kupanga maji kwa daraja, ya kunywa kwanza, ya kuoshea baadaye.

Sheria hiyo ilikuja mapema kwa sababu maji ndiyo yaliyoileta Kampuni pale. Merikebu zilizokwenda Asia kufuata viungo zilikaa baharini kwa miezi, mabaharia wakiugua kiseyeye, na njiani zilihitaji kituo cha kujaza mapipa na kupata mboga na nyama. Vijito vinavyoteremka kutoka Table Mountain vikaufanya ufuko ule kuwa kituo hicho. Wafugaji wa Kikhoekhoe walikuwa wakinywesha mifugo yao huko tangu zamani za zamani, na kuzuiliwa kwao malisho na maji kulichangia vita vya kwanza kati yao na Waholanzi mwaka 1659. Maji ya vijito yaligawanywa kwa mifereji kumwagilia Bustani ya Kampuni, ambayo sehemu yake ipo hadi leo katikati ya jiji, jirani na Bunge.

Amri ilisema wafuaji washuke chini. Wafuaji hao walikuwa nani?

Kadiri miaka ilivyopita, kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa. Kampuni iliwaleta kutoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia na pwani ya Msumbiji, na mwaka 1679 ikajenga jumba la kuwalaza watumwa wake kando ya bustani ile. Nguo za mabwana zilifungwa matita na kupelekwa mlimani, kwenye kijito cha Platteklip, zikafuliwa juu ya mawe na kuanikwa juu ya majani. Watumwa walipoachiwa huru kamili tarehe 1 Desemba 1838, wanawake wengi walibaki na kazi waliyoijua. Sasa walifua kwa malipo, na wengi wao walikuwa Waislamu waliokaa mitaa ya chini ya mlima. Mji ulivaa nguo safi kwa nguvu za mikono yao, huku ukiwanung'unikia kwamba wanachafua maji.

Mji ulipokua, manung'uniko yakageuka kuwa ujenzi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, manispaa ilijenga nyumba za kufulia, mojawapo huko huko Platteklip, ili kuwatoa wafuaji kijitoni na kuyachukua maji ya mlima kwa matumizi ya mji. Juu ya mlima wenyewe, mafundi na vibarua walijenga kwa mawe ya kuchonga bwawa la Woodhead, lililokamilika mwaka 1897, kisha la Hely-Hutchinson mwaka 1904. Hayo nayo hayakutosha. Mwaka 1921 ilikuja zamu ya Steenbras, mbali kidogo mashariki, na baadaye mabwawa makubwa zaidi, hadi Theewaterskloof, ambalo peke yake lina karibu nusu ya maji yote ambayo mfumo wa jiji unaweza kuhifadhi.

Bomba lilipunguza homa ya matumbo milangoni pa watu, na hiyo ni neema isiyobishaniwa. Lakini lilifanya jambo jingine ambalo halikuonekana haraka. Lilifuta daraja za maji. Maji yaleyale yaliyochujwa na kutiwa dawa ili mtoto anywe bila kuugua yakawa ndiyo ya kuvutia choo, kumwagilia nyasi, kujaza bwawa la kuogelea na kusuuza gari. Mpira wa maji ukiachwa wazi wakati wa kuosha gari moja unaweza kumwaga zaidi ya lita 100, na yote hukimbilia kwenye mtaro wa mvua pamoja na mafuta, sabuni na vumbi la breki, kisha mtoni au baharini bila kusafishwa popote.

Neema hiyo haikugawiwa sawasawa. Chini ya ubaguzi wa rangi, vitongoji vya Wazungu vilivyokumbatia mlima vilipata nyasi za kijani na magari yaliyooshwa uani mwishoni mwa juma. Mtaa wa District Six, uliotangazwa mwaka 1966 kuwa eneo la Wazungu, ulivunjwa na zaidi ya watu 60,000 wakahamishiwa tambarare ya mchanga ya Cape Flats. Katika miaka ya 1980 ikaanzishwa Khayelitsha, na pembeni yake vibanda vikaongezeka kuliko mabomba. Kwa familia inayochota kwenye bomba la jumuiya na kubeba ndoo hadi nyumbani, daraja za maji hazikufutika hata siku moja. Maji ya suuzo la leo hulowekea nguo nyingine, kisha hudeki sakafu, na kinachobaki hutuliza vumbi mlangoni. Hesabu hiyo haikufundishwa na mtaalamu yeyote. Ilifundishwa na uzito wa ndoo.

Ukame ndio uliowarudisha wote kwenye hesabu hiyo. Mabwawa yalikuwa yamejaa mwaka 2014, kisha mvua za majira ya baridi zikapungua miaka mitatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Theewaterskloof ikawa uwanja wa mchanga, miti mikavu ikisimama palipokuwa na kina. Masharti yalikazwa hatua kwa hatua, na mwaka 2017 kuosha gari nyumbani kwa maji ya kunywa ya manispaa kukapigwa marufuku. Januari 2018 jiji lilitangaza kwamba Siku ya Sifuri sasa inakaribia kuwa hakika: mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya nyumba nyingi yangefungwa, na kila mtu angepanga foleni kwenye moja ya vituo 200 hivi kupokea lita 25 kwa siku. Tarehe 1 Februari kila mkazi akawekewa kikomo cha lita 50.

Lita 50 hazitoshi ikiwa kila tone litatumika mara moja tu. Hapo ndipo nyumba zenye bafu la vigae zilipojifunza upya kazi ya beseni. Watu walioga wakiwa wamesimama ndani ya karai, wakikinga kwanza yale maji baridi yanayotoka kabla ya moto kufika. Maji ya kuogea yalivuta choo. Mpira wa kutolea maji wa mashine ya kufulia ulichomolewa ukutani na kuingizwa kwenye pipa, na maji ya suuzo la mwisho, ambayo hayana sabuni nyingi, yakatengwa kwa kazi bora zaidi. Kanuni zilienea mtaa kwa mtaa: usiyalaze maji yaliyokwisha kutumika zaidi ya siku moja, maana yatanuka na kuzaa vijidudu, usiyanyunyize kwenye mboga inayoliwa mbichi, usiyaweke mtoto anapochezea.

Na gari? Likawa la mwisho katika foleni ya maji, na hapo ndipo palipolistahili. Wengine waliliacha lifunikwe na vumbi na kuona fahari kufanya hivyo. Wengine walitumia dawa za kufutia zisizohitaji maji, au maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani, au lile suuzo la nguo, kwa ndoo moja na vitambaa viwili. Aliyeegesha gari juu ya nyasi badala ya sakafu ya saruji alipata faida ya ziada: maji yaliyodondoka yalizama ardhini, na udongo ukashika sehemu ya uchafu ambao ungefika mtoni. Kwa namna hiyo tone moja lilifua shati, likafuta gari na kunywesha nyasi.

Matokeo yalipimika. Jiji lililokuwa likitumia takriban lita bilioni 1.2 kwa siku mwanzoni mwa 2015 lilishuka hadi karibu na nusu bilioni mapema 2018. Wakulima wa eneo la Groenland walifungulia jiji maji yao ya akiba, lita bilioni 10 hivi. Siku ya Sifuri ikasogezwa mara kadhaa, kisha ikafutwa, na mvua za katikati ya mwaka zikarejea. Kikomo kilipandishwa hadi lita 70 Oktoba 2018 na 105 Desemba, na mwezi Novemba 2020 masharti ya ukame yakaondolewa.

Sifa za ushindi huo zilikwenda zaidi kwa kampeni, ushuru mpya na vifaa vya kubana maji, na vyote vilisaidia kweli. Lakini hesabu za jiji lenyewe zilionyesha kwamba makazi ya vibanda, yenye zaidi ya kaya moja kati ya kila kumi, yalikuwa yakitumia chini ya asilimia 5 ya maji yote. Wakazi wake hawakuwa na cha kupunguza. Ustadi ambao vitongoji tajiri vilijifunza kwa hofu katika miezi michache ulikuwa maisha ya kawaida huko Cape Flats, kama ulivyokuwa kwa wanawake wa Platteklip. Haki inadai mambo mawili yaende pamoja: bomba lifike kwenye kila kibanda, na kwenye nyumba ambazo lilifika zamani, maji ya kunywa yasiwe tena ndiyo ya kwanza kumwagwa juu ya boneti.